Mwalimu wa Kuanguka

Kwa miaka yote niliyomjua, hakuniruhusu kumpokea mfuko. Naanzia hapo kwa sababu watu wakinisikia namtaja Mwalimu, huuliza kwanza alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, na mambo ya Kijapani mzee wa pwani aliyatoa wapi. Sijui. Kila alipoulizwa alikuja na jibu jipya: mara alifundishwa na mafundi wa kiwanda, mara na mlinzi wa ubalozi, mara alijifunza kwa kumtazama paka wa jirani akishuka ukutani. Mimi ninachokijua ni mfuko. Ulikuwa wa turubai, mrefu, umechujuka rangi, na ndani yake mlikuwa na vazi lake jeusi la mazoezi, pana kama sketi, na upanga wa mti uliozungushiwa khanga ya marehemu mkewe. Kila Jumamosi asubuhi nilimkuta kwenye ngazi za kanisa kule Bladensburg, Marekani, nikamnyooshea mkono na kusema, "Shikamoo Mwalimu, nikupokee." Naye aliitika marahaba, akauhamishia mfuko bega la pili, akapita.

Asiyejua malezi yetu ataona ni jambo dogo. Kwetu Morogoro, mtu akimwacha mzee apite na mzigo mkononi, anayesemwa ni mama aliyemlea. Mimi ni mtu mzima, kazi yangu ni mapokezi ya hoteli mji wa jirani, Alexandria, nalipwa kupokea mizigo ya watu nisiowajua, halafu kila Jumamosi mzee huyu ananifanya nionekane sikufunzwa. Nilikasirika, tena si kidogo.

Alichotufundisha sisi wahamiaji wachache kinaitwa aikido. Ni sanaa ya mapigano ya Wajapani, lakini haina mashindano wala kikombe, na hakuna siku utakayoambiwa umeshinda. Mtu anakushika mkono, anakusukuma, anakuvamia, na kazi yako ni kuigeuza ile nguvu yake ipite bila kukuumiza wewe wala yeye aliyeileta. Hapo kwenye "wala yeye" ndipo wengi walipotoka wakarudi zao. Walikuja kujifunza kumtia adabu mtu, wakakuta wanafundishwa kumlinda.

Mwalimu hakuwa na subira na maneno makubwa ya falsafa. Hakutaka hata tumwite sensei. Alisema neno hilo maana yake ni aliyetangulia kuzaliwa, basi, na kwa hesabu hiyo kila mwenye mjomba ana sensei. Falsafa yote aliitia kwenye adabu za nyumbani. Anayekuvamia, alisema, ni mgeni aliyekuja bila kupiga hodi. Kosa ni lake, lakini ameshafika. Sasa utasimama mlangoni kubishana naye? Mpokee, mpitishe, kisha msindikize. Ile hatua ya mwisho, ambayo kwa macho ya mtazamaji ni mtu anarushwa chini, yeye aliiita kusindikiza. Sote tunaijua methali ya mwenye nguvu mpishe. Mwalimu aliiongezea mkia: mpishe, halafu mtoe mpaka barabarani, maana kumpisha tu ni woga.

Na kuanguka alikuita kupokea. Alituambia hata Wajapani wenyewe hawamwiti anayeanguka aliyeshindwa, humwita mpokeaji. Ndiyo maana miezi ya kwanza hatukufanya jingine ila kuanguka: mbele, nyuma, ubavu, juu ya ile mikeka ya mpira aliyoiita jamvi. Wageni walichoka haraka. Mtu ametoka kubeba wagonjwa wiki nzima kwenye nyumba za wazee, anakuja Jumamosi kuangushwa bure. Lakini waliobaki walianza kutembea tofauti. Mimi mwenyewe nilishangaa siku moja kuona siogopi tena barafu ya njiani.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya kanisa la Wakongo, na mlango wake ulikuwa mfupi. Kila mtu ilibidi ainame kuingia. Mwalimu aliupenda mlango ule kuliko kitu chochote katika jengo. Mahali pengine wanafunzi huinamia picha ya mwanzilishi ukutani, na yeye, mtu wa swala tano, hakutaka kuinamia picha. Kwa hiyo alituambia salamu yetu tumeshaimaliza mlangoni. Ukiinama kwa sababu mlango umekutaka uiname, alisema, hukumwabudu mtu, na kichwa chako kimepona.

Funguo za chumba alikuwa nazo mke wa mchungaji, mama wa Bukavu, mnene, mcheshi, lakini kwenye mambo ya imani hachezewi. Kwa muda mrefu hakutusumbua. Alipita juu na sufuria zake, akasikia vishindo, akatuombea. Sasa Mwalimu alikuwa na neno moja la Kijapani ambalo hakuweza kulikwepa, kwa kuwa limo ndani ya jina lenyewe la sanaa hiyo: ki. Ni ile nguvu ya uhai, pumzi inayompitia mtu. Sisi tuliisema ovyo, ki iko tumboni, ki imekatika, toa ki. Jumamosi moja mama akashuka na kusimama chini ya ngazi, kakunja mikono.

"Mwalimu," alisema, "ile ki munasemaka kila siku, ni roho ya namna gani? Sisi hatutaki mapepo ya Japani mu kanisa."

Nilijua hapo chumba kimekwenda. Kijana mmoja msomi wa Nairobi alianza kueleza mambo ya nishati na anga, na kila alivyoendelea, uso wa mama ulizidi kukaza. Mwalimu akamzuia kwa kiganja. Akamsogelea mama, hakusimama mbele yake, alikwenda kusimama ubavuni, wote wawili wanatutazama sisi.

"Mama, niseme neno, wewe unisikilize," alisema. "Ukija. Ukisukumwa. Ukianguka. Umeisikia hapo katikati?"

Mama akayarudia maneno yale taratibu, akiyatafuna. Ukija. Ukisukumwa.

"Peke yake haina maana," Mwalimu akasema. "Haisimami, haitembei, haiingii mtu usiku. Inakaa katikati ya neno, kazi yake kukwambia jambo moja tu: wakati ule ule. Ukisukumwa, geuka. Si kabla, si baada. Hao wanaitafuta tumboni. Mimi naitafuta hapo."

Sijui Mjapani angesema nini juu ya maelezo hayo. Pengine angeshika kichwa. Lakini mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Kumbe ilikuwa mu kinywa yetu tangu zamani," alisema. Wiki iliyofuata alikuja na kitenge chake na suruali ndani, akaomba afundishwe kuanguka. Aliita jina la Bwana kila alipopinduka, na katika sisi sote hakuna aliyekuja kumfikia kwa kuanguka vizuri.

Tangu siku ile "ukisukumwa, geuka" likawa neno la darasa. Nami nililichukua kazini. Mgeni mmoja alikuja kaunta anafoka, chumba hiki, funguo hizi, hoteli gani hii, na mimi badala ya kumjibu nilitoka nyuma ya kaunta, nikaenda kusimama karibu naye, nikatazama alikokuwa akitazama. Alikuwa akitazama simu yake. Kulikuwa na ujumbe kwamba mama yake amelazwa. Sikufanya ajabu yoyote, nilimtafutia kiti na maji. Nilipomsimulia Mwalimu nilitegemea sifa. Aliuliza tu kama maji yalikuwa baridi au ya kawaida, maana mtu mwenye mshtuko hapewi maji baridi.

Msinielewe kwamba alikuwa mtakatifu. Alipokuwa bado anaendesha gari, nilipata kupanda naye kwenye ile barabara kuu inayozunguka jiji, na mtu akitukatia mbele, Mwalimu wa upole aligeuka mwingine kabisa. Alipiga honi, alifungua dirisha, alitoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwambia, "Mpokee, Mwalimu. Msindikize." Akajibu kwamba kuna wageni na kuna wahuni, na huyo hakuja kwetu, alikuwa anapita. Karata alicheza kwa wizi. Vazi lake la mazoezi alilipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama, kisha akatuambia tusipende mapambo. Sherehe za watu alihudhuria, lakini alifika ameshakula kwake. Mama mchungaji alimpakulia ndizi na samaki, yeye akasifu harufu, akampa jirani sahani.

Hapo ndipo sikumwelewa. Mtu aliyetufundisha kupokea, yeye mwenyewe hakupokea kitu cha mtu. Hakukubali lifti, hakukubali chakula, hakukubali kuinuliwa, na mfuko wake hakuugusa yeyote. Siku moja nilimwuliza wazi, nikiwa na hasira zangu zote. Tulikuwa tumeshakunja jamvi, wengine wamepanda juu. Nilimwambia ananionea. Aliendelea kuifunga ile khanga kwenye upanga. Ilikuwa ya zamani, maandishi yamefifia, lakini yalisomeka: mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Mwanangu," alisema, "siku nitakayokupa mfuko huu, ujue unanisindikiza."

Sikuomba maelezo. Nilijua amesema kweli, na nilijua pia kwamba kuanzia hapo nitakuwa nautaka mfuko ule na kuuogopa. Jumamosi iliyofuata nilinyoosha mkono kama kawaida. Aliuhamisha bega, akapita, na kwa mara ya kwanza nilishukuru.

Niseme kwa nini jambo hili lilinishika hivyo. Baba yangu nilimzika kwa simu. Karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa hazijatoka, na mpaka leo hazijatoka, ningekwenda, nisingerudi. Kaka yangu alishika simu juu ya vichwa vya watu, nikaona migongo, nikaona udongo, mtandao ukakatika. Baba alinisomesha kwa kubeba magunia sokoni, na mimi sikuwahi hata siku moja, nikiwa na kipato changu, kumtoa stendi na kumbebea mzigo wake. Wenzangu walinitumia ujumbe na maua madogo ya kwenye simu. Mwalimu alikuja. Wakati huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kutetemeka na binti yake amemnyang'anya ufunguo wa gari, kwa hiyo alitoka Bladensburg kwa basi, akaingia treni ya Metro, akachukua basi jingine mpaka kwangu. Alikuwa na chupa ya chai. Aliketi chini kwenye zulia, akanipa pole. Nikamjibu nimeshapoa, kama inavyojibiwa.

"Hujapoa," alisema. "Unakizuia. Kilio kikija, kipokee."

Nilitaka kumwambia kwenye "kikija" ziko ki mbili, mwalimu wa sarufi wewe, nilitaka kumtania. Nilifungua mdomo na kilichotoka hakikuwa utani. Nililia mpaka shingo ikauma. Hakunishika, hakunibembeleza, alisogea tu akakaa upande wangu, akatazama dirisha lile lile nililokuwa nalitazama. Baadaye aliosha vikombe mwenyewe, maana nilipotaka kuinuka alikataa, na akaondoka na chupa yake.

Baada ya hapo mkono ulizidi, na mguu ukafuata. Kipindi cha baridi kimoja aliteleza kwenye ngazi za kanisa mbele yetu sote. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kuzuri, kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, vile vile alivyotufundisha. Lililomshinda ni kuinuka. Mama mchungaji alikwisha kuinama kumshika, Mwalimu akamkatalia kwa kichwa. Alikaa kwenye theluji, akatabasamu, akasema tumeona, hivyo ndivyo mtu anavyopokea ngazi. Hakuna aliyecheka. Alijivuta kwenye reli ya ngazi mpaka akasimama, mfuko begani, na ilichukua muda mrefu, na sisi tulisimama pale mikono ikining'inia, wengi wetu watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuinua wazee wa wengine.

Binti yake alikuja kumchukua. Anakaa Laurel, ni mfanyakazi wa serikali, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimwambia baba yake, mbele yetu, kwamba haelewi mtu anawezaje kufundisha kitu maisha yake yote na asikiweze mwenyewe. Nilidhani Mwalimu atafoka kama barabarani. Alisema tu, "Kweli, mwanangu. Hicho sijakiweza." Akapanda gari la bintiye bila kushikwa mkono.

Sasa yuko nyumbani, pwani. Aliamua mwenyewe, akasema anataka kuumwa kwa Kiswahili. Simu ninampigia, lakini sauti imepungua, na anayenifikishia majibu yake ni mpwa wake. Sisi bado tunakutana chini ya kanisa. Mama mchungaji ndiye anayewafundisha wageni kuanguka, na mimi naongoza yaliyobaki, vibaya, nikitumia maneno ya mtu mwingine. Kila nikisema "ukisukumwa" namsikia yeye akisubiri niseme "geuka". Namtamani. Sina neno jingine. Nikimaliza darasa huwa nachelewa kukunja jamvi, kwa kuwa nikilikunja atakuwa hayupo tena mpaka Jumamosi nyingine. Na kule aliko siwezi kwenda, kwa karatasi zile zile.

Nilivyomwona mara ya mwisho nimeviweka huku mwisho makusudi.

Ilikuwa siku moja kabla ya safari yake. Alipiga simu akasema anakuja kuniaga. Nikamwambia mimi ndiye nitakayekwenda Laurel, haiwezekani mzee atoke kule mpaka kwangu West End. Akasema mwenye kuaga ndiye anayetembea. Binti yake akanipigia baadaye, amechoka na kubishana, akaniomba nimsubiri baba yake kituoni, kwa sababu amekataa kuletwa kwa gari. Amekubali kufikishwa kwenye Metro tu.

Nikasimama kituoni karibu na ghorofa ninalokaa. Ilikuwa mchana wa jua jembamba. Mabasi mawili yalipita, watu wakashuka na mifuko ya dukani. La tatu lilisimama mbele yangu, likashusha pumzi, likainama upande wa mlango, kama yanavyofanya mabasi ya huku kukiwa na mzee wa kushuka. Mwalimu alikuwa akiyapenda kwa hilo. Alikuwa akisema angalau basi la Marekani limefundishwa shikamoo.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama pale juu, kofia yake kichwani, mkono wa kushoto kwenye nguzo, mfuko wa turubai begani. Amekonda. Dereva alikuwa anamtazama kwenye kioo, bila haraka. Mimi nilikuwa na mikono yangu mifukoni mwa koti. Nilikuwa nimeshajifunza, na zaidi ya kujifunza, sikutaka kuupokea. Niliona kwamba nikiuacha mkono wangu mfukoni, atauhamisha mfuko bega la pili kama siku zote, atapita, na kesho haitafika.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

Hakuitika. Alitazama chini, pale penye nafasi kati ya basi na barabara. Kisha akautoa mfuko begani, taratibu, mkanda ukakwama kwenye koti, akaukwamua. Akaunyoosha kwangu, na mkono ulikuwa unatetemeka mpaka upanga ukagonga nguzo ya basi.

"Nipokee," alisema.

Nilitoa mikono. Mfuko ukaingia kwenye mkono mmoja, na ulikuwa mwepesi, miaka yote ile nilidhani ni mzito. Mkono wangu wa pili aliushika yeye mwenyewe, kwenye kifundo, kwa nguvu zake zote, kama tulivyoshikana Jumamosi nyingi. Sikumvuta. Niligeuka, nikapanda ngazi ile moja, nikasimama ubavuni mwake na kutazama alikokuwa akitazama. Palikuwa na lami tu, na majani makavu machache. Tukashuka pamoja, na tulipokwisha kusimama chini, basi likainuka.

"Marahaba," akasema.